Benchi la Marehemu Winifred

Jumatatu, 3 Juni

Mvua asubuhi. Jua saa tano. Mvua tena. Leo nimetangaziwa vita, na tangazo lenyewe limebandikwa kwenye lango la bustani, ndani ya plastiki ili lisilowe.

Reli ndogo ya Bustani ya Ottersby itaongezwa. Treni haitazunguka tena bwawa la bata tu. Itakwenda mpaka kwenye mawaridi, na njiani itapita kati ya ule mwaloni mkubwa na ua wa uwanja wetu wa matufe. Nikapima kwenye ramani kwa kidole. Nikavaa miwani, nikapima tena. Inamega kona ya uwanja wetu. Hatua mbili!

Mimi, Leonard Pobjoy, ni Katibu wa Klabu ya Matufe mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tuko wanachama sita. Watano, kukiwa na baridi. Kila Jumanne na Alhamisi tunavingirisha matufe yetu kwenye nyasi kukafuata kale kampira keupe, tunabishana nani yuko karibu zaidi, tunakunywa chai, tunarudi makwetu. Halmashauri hawaoni mchezo hapo, wanaona nyasi. Leo watachukua hatua mbili, mwakani kibanda chetu, na mwaka unaofuata nitakuwa nyumbani Jumanne na Alhamisi nikitazamana na birika. Jambo hilo linanitia hofu. Nalisema hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Nyuma ya haya yote yuko Desmond Twelvetrees, mwenyekiti wa treni. Mtu mzima wa miaka sabini na mbili, anaendesha treni ambayo kichwa chake hakimfiki kiunoni. Anakaa juu yake magoti yakiwa masikioni, kofia ya dereva kichwani, filimbi mdomoni. Aliponiona langoni akaipuliza. Akauliza kama nimeona mambo mazuri yanayokuja. Nikamwambia tutaona. Jibu kali zaidi lilinijia nikiwa nimekwisha fika nyumbani.

Meza ya jikoni inayumba, chai imemwagika. Nimekunja ile bahasha ya kahawia ya halmashauri iliyokuja wiki mbili zilizopita, nikaisukuma chini ya mguu. Sikuifungua. Bahasha za kahawia hazijapata kuniletea heri. Sasa meza imetulia.

Jumanne, 4 Juni

Halmashauri wanakusanya maoni. Wameweka ubao mkubwa nje ya kibanda cha chai cha Glenys Hartnoll, na mabakuli mawili ya stika. Unayetaka reli iongezwe, bandika kijani. Usiyetaka, bandika nyekundu. Kila mtu moja.

Moja kwa kila mtu. Lakini nani anajua mtu ni yupi? Saa nne nilibandika nyekundu nikiwa na kofia ya pama. Saa nne na nusu nikarudi na kofia ya sufu. Saa tano na ile ya mvua, kola juu. Baadaye nikaona kofia zinanichelewesha, nikawa nabandika kumi kumi.

Glenys akatoa kichwa dirishani. "Bwana Pobjoy, kipenzi, kichwa kimoja kofia ngapi?" Glenys humwita kila mtu kipenzi, hata yule bwana anayekuja kusoma mita ya maji, kwa hiyo neno hilo silijengei nyumba. Nikamjibu kuwa hali ya hewa leo haieleweki.

Saa saba nyekundu zikawa zimekwisha. Arobaini na moja, zote mkono wangu. Nikaenda kula chakula cha mchana nikipiga mluzi.

Kurudi, naikuta foleni. Wapinzani wa kweli walikuwa wamefika! Mbele yupo bibi mmoja mwenye mbwa, anayeichukia filimbi ya Desmond kuliko kodi. Amesimama dakika kumi, amefika mbele, bakuli la nyekundu tupu. Akabandika kijani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema tangu azaliwe hajapata kupanga foleni bure, na hataanza leo. Waliokuwa nyuma yake wakaona ana akili, wakafanya vilevile.

Matokeo ya jioni: kijani mia moja na kumi na mbili, nyekundu arobaini na moja. Sina la kusema.

Jumatano, 5 Juni

Nina la kusema.

Nimesoma kanuni za bustani, zote, pale ukutani karibu na vyoo. Nilikuwa wa kwanza, nadhani, buibui walihama. Kanuni ya kumi na nne inasema benchi la kumbukumbu ya marehemu halihamishwi bila idhini ya maandishi kutoka kwa familia yake. Familia isipopatikana, sharti ingojwe miezi kumi na miwili. Na ruzuku ya Desmond ya kujengea reli, kila mtu anajua, inakwisha Septemba.

Pale inapopita reli kwenye ramani, chini ya mwaloni, kuna benchi. Bustani hii imejaa mabenchi ya marehemu. Mtu akifa Ottersby hajengewi mnara, ananunuliwa benchi, ili aendelee kuwa na faida. Lakini lile la chini ya mwaloni ni benchi tu. Halina kibao.

Halikuwa nacho.

Nikaenda sokoni kwa fundi wa funguo, ambaye pia huchonga vibao. Nikamwambia nataka kimoja cha marehemu shangazi yangu. Akanipa pole. Nikaipokea kwa sauti iliyokwama kidogo kooni. Nilikuwa na kipaji cha kuigiza, ila hakuna aliyenihimiza. Nimeandikisha hivi:

WINIFRED ASKEW
1931–2003
ALIPENDA UTULIVU WA MAHALI HAPA

Nimechagua Winifred kwa sababu hakuna awezaye kumchukia mtu aitwaye Winifred.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi imefanyika. Mchana kweupe, saa nne, mbele ya watu. Anayenyatia huulizwa anakwenda wapi. Anayevaa kizibao cha njano cha mafundi wa barabara haulizwi, anatumwa. Kabla sijafika kwenye benchi, mama mmoja alinipeleka kumtengenezea kitasa cha choo, nikakitengeneza. Bwana mmoja akanigombeza kuhusu mashimo ya Mtaa wa Kanisa, nikaomba radhi kwa niaba ya halmashauri. Desmond akapita na treni yake, akapunga mkono. "Kazi nzuri, fundi." Miaka kumi na mbili tunafahamiana, ndiyo mara ya kwanza ananisifu.

Nilisahau skrubu. Nikachukua nne kwenye ubao wetu wa pointi, maana ule ubao una skrubu nyingi kuliko pointi.

Saa nane, mchezo ukiwa umenoga, ubao wa pointi ulimwangukia Percy Ibbotson mguuni. Percy ana miaka tisini na moja na ndiye mchezaji wetu bora. Hakulalamika. Aliuinua, akayatazama matundu ya skrubu kwa muda, halafu akanitazama mimi. Namshukuru Mungu macho yake si mazuri.

Jumamosi, 8 Juni

Winifred anapendwa.

Asubuhi nimekuta chupa ya jamu yenye maua juu ya benchi. Saa sita chupa zilikuwa nne. Glenys amekumbuka kwamba Winifred alikuwa akinywa chai bila sukari na alikuwa na koti la kijani. Yule bibi mwenye mbwa amekumbuka kwamba lilikuwa la buluu. Wamebishana kwa heshima, wakakubaliana alikuwa na makoti mawili. Nilitaka kuwaambia lilikuwa la kahawia.

Percy ndiye amenishangaza. Alikaa kwenye benchi, akapapasa kibao kwa kidole, akasema polepole kwamba alimfahamu. Walicheza dansi pamoja mwaka hamsini na tatu, kwenye ukumbi wa zimamoto. Kidogo wangeoana. Akatoa leso. Glenys akatoka mbio kibandani na chai na kipande cha keki ya limau, akakaa naye, akamshika mkono.

Miaka tisa nanunua chai kwa Glenys. Sijapata kupewa keki ambayo sijailipia. Na sasa marehemu ameachiwa kipande kizima kwenye sahani, na ameahidiwa kingine kila asubuhi. Ameliwa na kindi, yaani kipande. Kindi atanenepa.

Lakini nimefurahi. Desmond alisimamisha treni, akavua kofia yake mbele ya benchi, akaitia filimbi mfukoni. Kutwa nzima leo hajaipuliza. Winifred, dada yangu, sijui nikulipe nini.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikaa naye kidogo leo, peke yangu. Nilimweleza habari za klabu. Kwamba tulikuwa arobaini na wawili nilipochukua ukatibu. Kwamba naandika muhtasari wa kila mkutano, na kila mkutano unaanza kwa kusoma muhtasari uliopita, na siku hizi hapana kingine cha kusoma. Nikamwambia sina mahali pengine.

Ni msikilizaji mzuri. Nimesahau mara mbili kwamba nilimchonga mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Bi Harpreet Sandhu, afisa wa bustani, alikuja uwanjani katikati ya mchezo. Mama kijana, viatu vya mpira, faili kifuani, hakuna kinachompita. Akaniita pembeni. Nilijua ameshanikamata. Nilichuchumaa, nikajiegemeza kwenye tufe, kosa kubwa, kwa sababu tufe huvingirika.

Akanisaidia kuinuka. Akasema ana habari njema. Watu wa Ottersby wameguswa sana na kumbukumbu ya Winifred, na kanuni ni kanuni, kwa hiyo benchi litabaki palepale. Reli haitapita hapo.

Nilimpa mkono. Nilimpa mkono wa pili. Nilitaka kumkumbatia lakini faili lilikuwa katikati.

Ndipo akafungua ramani mpya. Benchi haliguswi. Mwaloni nao haukatwi, una miaka mia tatu. Sasa reli iende wapi? Upande wenye njia fupi zaidi. Inakunja kabla ya benchi, inaingia kwetu, inazunguka, inatoka. Nikapima kwa kidole. Si hatua mbili tena. Ni hatua tisa.

Hatua tisa! Kwa hatua mbili tungejibana. Kwa hatua tisa uwanja hautimizi kipimo cha ligi, na klabu isiyo kwenye ligi ni wazee sita kwenye majani. Bi Sandhu akanitazama kwa makini, akauliza kama klabu ina lolote la kusema, maana mpaka sasa hajapata neno kutoka kwetu. Nikamwambia klabu itasema kwa wakati wake.

Ya Musa nimeyaona, ya Firauni yanakuja.

Jumatano, 12 Juni

Nimefikiri mpaka yai likaungua. Kinachotakiwa ni idhini ya familia. Winifred hana familia. Basi atapewa.

Gerald Askew, mpwa wake, anakaa New Zealand. Nimemweka mbali ili asiitwe kwenye mkutano. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na naona mwandiko wa Gerald ni mzuri kuliko wangu. Anasema amesikia habari, anashukuru, anaridhia benchi la shangazi yake lihamishwe bila kuchelewa. Halafu, ili halmashauri wasije wakashindwa kupata nafasi, akaongeza: mahali popote, hata nyuma ya choo.

Nimeitia barua mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yao, nikaondoka kwa mwendo wa mtu wa New Zealand.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho mkutano wa hadhara. Nimepiga pasi suruali. Hatua mbili ninaziweza. Tutazisamehe hatua mbili. Nimekuwa mtu wa kiasi.

Glenys aliniuliza mbona nimekonda. Nikasema ni mambo ya klabu. Akasema, "Pole, kipenzi," akanipa biskuti. Bure! Imevunjika upande mmoja, lakini bure.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haya nimekaa sakafuni, kwa sababu nimejisikia hivyo.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu mia moja na zaidi, viti havikutosha. Birika kubwa la chai pembeni, na foleni yake ikachelewesha mkutano dakika ishirini bila mtu kunung'unika. Bi Sandhu akaeleza habari za reli, mwaloni na benchi. Kisha akasema imefika barua kutoka New Zealand, ya mpwa wa marehemu. Imefika kwa siku moja, akasema, posta siku hizi imeimarika. Akaigeuzageuza barua mkononi. Sikuipenda namna alivyoigeuza.

Akaisoma. Mpaka "bila kuchelewa" watu walikuwa watulivu. Alipofika "nyuma ya choo", kiti kimoja kilianguka.

Glenys alikuwa amesimama. "Nyuma ya choo? Shangazi yake mwenyewe? Miaka ishirini hajamletea hata ua moja, halafu leo amtupe chooni kama ndoo mbovu?" Watu wakaunguruma. Bibi mwenye mbwa akasema huyo Gerald hata utotoni hakuwa mtoto wa kutumainiwa. Mtu wa nyuma akataka tumwandikie barua ya kumlaani. Wakaanza kumzomea. Nikawatazama waliokaa jirani yangu, nikaona ni salama zaidi nami nikizomea. Nilimzomea Gerald kwa nguvu mpaka nikakohoa.

Bi Sandhu akasema anaelewa, lakini kikanuni idhini ya familia imepatikana na benchi linaweza kuhamishwa. Moyo wangu ukaruka. Hatua mbili! Tumerudi kwenye mbili!

Ndipo Percy akainuka kwa fimbo yake. Akasema mpwa ni mpwa, lakini yeye alimvisha Winifred pete ya uchumba mwaka hamsini na tatu, naye Winifred hakuolewa na mtu mwingine mpaka kufa. Nani wa karibu zaidi? Basi yeye anakataa. Benchi libaki. Bi Sandhu akauliza, kwa upole sana, kama kuna anayeweza kushuhudia uchumba huo.

Percy akageuka. "Yupo. Leonard hapa. Nimemsimulia habari za Winifred miaka nenda miaka rudi. Si kweli, Leonard?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Percy alinitazama kuliko wote, na macho yake, nimegundua leo, ni mazuri kabisa.

Nikasema ni kweli.

Makofi. Glenys analia. Desmond akapanda jukwaani, akasema reli mpya itaitwa Reli ya Winifred, na mbele ya benchi treni itasimama kwa dakika moja. Kila mzunguko. Itakuwa stesheni. Na ili kumwonyesha heshima marehemu, itapiga filimbi mara mbili, kuingia na kutoka. Kisha akasema kuna mtu mmoja anastahili shukrani: Bwana Pobjoy, ambaye klabu yake imetoa hatua tisa za uwanja bila kinyongo wala neno la pingamizi.

Wakanipigia makofi wamesimama. Sijapata kupigiwa makofi tangu nizaliwe. Nilitaka kusema hapana. Niliinama kushukuru. Nikainama tena. Mwili una mambo yake.

Mwishoni Bi Sandhu alikuja akaniambia kitu kuhusu barua, kwamba aliniandikia mwezi uliopita, na kwamba ataniandikia tena mara moja kwa kuwa hatua tisa si hatua mbili, na safari hii tafadhali, tafadhali niijibu. Sikumsikia vizuri. Kulikuwa na watu waliotaka kunishika mkono.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda kwa Percy kumwambia ukweli. Sikulala. Niliona ni dhambi mzee wa miaka tisini na moja kumlilia mwanamke niliyemtunga kwenye meza ya fundi wa funguo.

Hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye benchi, na chai, na skonzi mbili zenye jamu na malai. Nikakaa. Nikaanza kwa mbali, habari za hali ya hewa. Percy akanikatiza.

"Skrubu zangu utazirudisha lini?"

Nikajifanya sijaelewa. Akanyoosha kidole kwenye kibao. Akasema zile skrubu nne alizifunga yeye kwenye ubao wa pointi mwaka tisini na tisa, mbili za shaba na mbili za chuma kwa sababu za shaba ziliisha, na angezitambua hata gizani. Amejua tangu Alhamisi ile. Hajawahi kumjua Winifred yeyote. Ukumbi wa zimamoto mwaka hamsini na tatu ulikuwa haujajengwa.

Nikamuuliza, sasa kwa nini?

Akapaka malai kwanza. "Miaka kumi na tano nimekaa kwenye benchi hili, Leonard. Kila siku. Hakuna aliyepata kuniuliza nimeamkaje. Sasa nina marehemu, naletewa chai, naletewa keki, Glenys ananishika mkono, mpaka yule mama mwenye mbwa ananitengenezea supu. Halafu wewe unakuja na Gerald wako. Unataka nifiwe mara ya pili?"

Macho yaliniuma. Nikamwambia nilitaka kuulinda uwanja, basi, kwamba bila uwanja sijui niende wapi. Akasema anajua. Akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu, kijana wangu, imeongezewa reli. Ananiita kijana, nami nina miaka sitini na minane.

Akanimegea skonzi. Tukakaa. Nilikuwa nimeanza kutulia kabisa, nikaona kumbe mtu anaweza kukaa tu na mwenzake bila muhtasari. Percy akasema kama nataka uwanja, niende nikazungumze na yule binti Sandhu kwa maneno ya kawaida, kwa sababu ni mtu wa kawaida.

Ushauri mzuri. Nimeuandika hapa nisiusahau.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekumbuka alichosema Bi Sandhu, barua ya mwezi uliopita. Nimepiga magoti jikoni, nikaitoa ile bahasha chini ya mguu wa meza. Imebonyea, ina duara la chai.

Ndani kuna karatasi moja. Ndugu Katibu, reli imepangwa kupita ndani ya uwanja wenu kwa hatua mbili. Haiwezi kupita pasipo ridhaa ya klabu. Kama hamkubali, tia alama kwenye kisanduku cha HAPANA, urudishe, nasi tutaipitisha nyuma ya mwaloni. Msipojibu kufikia tarehe 14 Juni tutahesabu kuwa mmekubali. Na bahasha ya kurudishia, imeshabandikwa stempu.

Kisanduku kimoja. Alama moja. Stempu yao.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nimekasirika, na nafikiri nina haki. Barua ya maana kiasi hiki mtu anaitiaje kwenye bahasha ya kahawia? Wangeitia kwenye nyekundu. Halmashauri ndio walionifikisha hapa, na Desmond, na kwa kiasi fulani Winifred.

Meza imeanza kuyumba tena. Chai imemwagika juu ya barua.

Jumanne, 18 Juni

Nimepata! Imenijia nikinyoa.

Kosa halikuwa kibao. Kosa lilikuwa mahali. Kama benchi la marehemu haliguswi, na reli inataka kuingia uwanjani, basi benchi la pili linatakiwa uwanjani. Kwenye kona yenyewe, ndani ya zile hatua tisa. Benchi ninalo, lile la kibandani kwetu. Nani sasa? Mume wa Winifred hawezekani, Percy atanipiga fimbo. Gerald hawezi, watu watalivunja.

Mbwa.

Mbwa wa Winifred. Mwaminifu, mwenye sikio moja lililolala, aliyekuwa akimngojea bibi yake pale penye kona kila Jumanne na Alhamisi, na aliendelea kungoja hata bibi huyo alipofariki. Benchi la mtu, kwa shida, Ottersby wanaweza kulihamisha. La mbwa hawathubutu. Meya mwenyewe angeanguka madarakani.

Nimeshatoka kwa fundi wa funguo. Alinitazama kidogo aliposikia ni mbwa wa shangazi, lakini akanipa pole. Jina lake Biskuti. Kibao kitakuwa tayari Alhamisi. Ninahitaji skrubu nne. Percy hatajua, safari hii nitazitoa kwenye mlango wa kibanda.

Posta imepita. Bahasha ya kahawia tena, kutoka halmashauri, HARAKA imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Bila shaka ni kushangilia ushindi wao. Sina nafasi nayo leo, nina mbwa wa kumtungia maisha.

Ni nene kuliko ile ya kwanza. Nimeikunja mara mbili, nikaisukuma chini ya mguu. Meza imetulia kabisa, hata tone la chai halimwagiki.